Taa Iliyokuwa Ikiota Ndoto

Ramadhani ya mwaka 1994 iliingia Tabora mvua bado inanyesha, na ilimkuta shangazi yangu na taa inayowaka ncha mbili tu. Ilikuwa taa ya tyubu ya futi nne, imefungwa darini katika chumba cha mbele cha nyumba yake ya Mtendeni, juu kabisa ya cherehani. Ukibonyeza swichi, mwanzo na mwisho wa tyubu uliiva rangi ya kaa la moto, halafu basi. Katikati palibaki kioo cheupe kisicho na mwanga, kama mtu aliyefungua kinywa asiseme neno.

Shangazi alikuwa fundi nguo, na mwezi ule ndio uliolisha nyumba kwa nusu mwaka. Kanzu za Idi, magauni ya watoto yenye malinda, suruali za wanaume wanaokumbuka siku ya mwisho kwamba wamenenepa. Mchana ulikuwa wa wateja na vipimo. Kushona kwenyewe kulianza baada ya tarawehe na kwenda mpaka daku. Tabora tunatumia saa zile zile za Dar es Salaam ingawa sisi tuko mbali magharibi, kwa hiyo mwezi wa Februari mtu anafuturu saa 1 imeshapita, na kazi ya usiku inachelewa kuanza. Shangazi akawa anashona kwa kandili aliloliweka ubavuni mwa cherehani. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Nilimwona akipapasa mshono kwa kidole kuhakikisha umenyooka. Usiku mmoja sindano ilipita kwenye ukucha wake ikatokea upande wa pili. Alizungusha gurudumu kwa mkono, akaitoa, akafunga kidole kwa kipande cha bitana, akaendelea.

Nilikuwa kidato cha pili, naishi kwake. Usiku ule niliamua taa ile nitaitengeneza mimi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo hapo, kwenye kuamua. Nilikuwa nimeshaihukumu tyubu kabla sijaitazama. Haiwaki, basi imekufa. Imekufa, basi inunuliwe nyingine. Shangazi akafungua kopo alilokuwa akitunzia pesa za zipu na vifungo, akahesabu, akanipa. Nikaenda sokoni na kurudi na tyubu mpya begani, imeviringishwa kwenye boksi jembamba, nikitembea chini ya miembe kwa hatua ndogo ndogo ili nisiteleze kwenye matope. Nilipanda juu ya stuli, nikatoa ya zamani, nikaingiza mpya, nikaizungusha mpaka ikalia “tk” kwenye holda zote mbili. Nikawasha.

Ncha mbili nyekundu. Katikati giza.

Shangazi hakusema kitu, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kama angenigombeza. Kesho yake niliirudisha dukani. Mwenye duka aliipachika kwenye taa yake ya majaribio pale juu ya kaunta, ikawaka mara moja, nyeupe, bila kusitasita. “Tyubu nzima hii, kijana,” akanirudishia. Nilirudi nyumbani nimenuna, na sasa ninapokumbuka naona kwamba nilikuwa nimepewa jibu nusu nzima nikalibeba begani bila kulisoma. Kama tyubu inawaka dukani na haiwaki nyumbani, basi tyubu haina kesi. Ila mimi nilikuwa nawaza pesa za zipu.

Aliyetutoa gizani ni mzee jirani yetu, fundi umeme mstaafu wa reli. Tabora ni mji wa reli: njia kutoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1912 na kufika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1928 tawi la kwenda Mwanza likakamilika, kwa hiyo karibu kila mtaa una nyumba ya mtu aliyezeeka akiitumikia. Sisi watoto tulimwita babu. Alikuja usiku baada ya tarawehe, akavua viatu mlangoni.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu wangu. Ndiyo hiyo?”

Nikatangulia na bisibisi. Akanishika bega akanirudisha nyuma. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kulisahau: aliweka mikono yote miwili mgongoni, akashika kiganja kwa kiganja, akatazama juu. Alisimama hivyo kwa muda mrefu kama mtu anayetazama ng’ombe kabla ya kutaja bei.

“Washa. Zima. Washa tena. Inapepesa au imetulia?”

“Imetulia, babu.”

“Ncha zote mbili?”

“Zote mbili.”

“Basi umeme unapita,” akasema, na nilipomwangalia bila kuelewa, akanionyesha njia kwa kidole, hewani, bila kugusa chochote. Umeme unatoka kwenye swichi, unaingia kwenye choki, ule uzito mweusi uliofichwa ndani ya fitingi. Kutoka kwenye choki unaingia ncha ya kwanza ya tyubu, unapita kwenye waya mdogo uliosokotwa humo, unatoka. Unapita kwenye stata, kile kikopo kidogo pembeni. Unaingia ncha ya pili, unapita kwenye waya wake, unarudi ulikotoka. Ni njia moja, kama uzi unaopita kwenye shanga. Ikikatika popote, hakuna kinachoiva. Lakini ncha zetu zilikuwa zimeiva zote mbili. Kwa hiyo swichi ni nzima, choki nzima, nyuzi za tyubu nzima, waya wote mzima. Kwa kutazama tu, mikono mgongoni, mzee aliwaachia huru washitakiwa wanne.

Alibaki mmoja. “Panda,” akaniambia, “ushike kikopo, ukizungushe robo tu kwenda kushoto, ukitoe. Taa ikiwa imewashwa hivyo hivyo. Usiguse kingine.”

Nilipanda natetemeka. Nilishika kile kikopo cha plastiki, kikubwa kama kidole gumba, kina vumbi la nyuzi za nguo. Nikazungusha robo. Kilipochomoka tu mahali pake, chumba kizima kiliwaka. Mwanga uliangukia cherehani, vitambaa, uso wa shangazi, mabuibui ya darini. Niliona weupe wa kanzu ambayo kwa wiki nzima niliidhani ni ya rangi ya maziwa ya moshi. Kabla sijashuka kwenye stuli nilisikia cherehani ikianza kulia. Shangazi hakutaka kupoteza hata dakika ya kushukuru watu. Alishamshukuru Mungu kwa sauti.

Kesho yake baada ya futari babu alikipasua kile kikopo mbele yangu kwa koleo. Ndani mlikuwa na vitu viwili: kapasita ndogo bapa kama mbegu ya tikiti, na chupa ya kioo isiyozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Ndani ya chupa kulikuwa na vijiti viwili vya chuma, kimoja kimepinda kama ndoana. Vilikuwa vimegusana na kushikana kabisa. Akanipa na stata nzima iliyopasuliwa ili nilinganishe: katika hiyo vijiti vilikuwa vimeachana kwa nafasi nyembamba kama unywele.

Nafasi hiyo ndiyo kazi yote. Ukiwasha taa, gesi iliyomo ndani ya chupa hung’aa kidogo na kutoa joto. Kile kijiti kilichopinda kimetengenezwa kwa metali mbili zilizobanwa pamoja, moja ikitanuka kuliko nyingine, kwa hiyo kikipata joto hujikunjua na kumgusa mwenzake. Vikigusana, njia imekamilika, mkondo unapita kwenye ncha mbili za tyubu na kuziivisha. Lakini vikigusana, gesi nayo inaacha kung’aa, chupa inapoa, kijiti kinajikunja tena na kuachia. Hapo penye kuachia ndipo taa huzaliwa. Choki imejengwa kwa waya mwingi uliozungushwa kwenye chuma, nayo haipendi mkondo ukatwe ghafla. Ukikatwa, inasukuma kwa teke la volti mamia kadhaa kutoka ncha moja ya tyubu hadi nyingine. Ncha zimeshaiva, mvuke wa zebaki uko tayari, umeme unaruka katikati. Zebaki inatoa mionzi ya urujuanimno ambayo jicho haliioni, na ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo unaigeuza kuwa mwanga. Baada ya hapo tyubu yenyewe haihitaji zaidi ya volti 100 hivi kuendelea, choki inazuia mkondo usizidi, na stata inakaa kimya kwa sababu volti zilizobaki hazitoshi kuiamsha.

Stata ya shangazi ilikuwa imegusa na kukataa kuachia. Ilifanya nusu ya kwanza ya kazi kwa bidii yote, usiku kucha, kwa wiki nzima. Babu alirudia kunionyesha vile vijiti mpaka nikachoka, akisema mafundi wengi wanajua stata inawasha taa, wachache wanajua inaiwasha kwa kuachia.

Nilimuuliza hali nyingine zikoje, akanitajia akiwa anakunywa kahawa kwa kashata. Isipowaka popote, hata ncha, tafuta palipokatika: swichi, holda iliyolegea, waya wa ndani ya ncha. Ikipepesa bila kushika na ncha zimekuwa nyeusi kama chungu, tyubu imezeeka. Usibadilishe stata, kwa sababu tyubu mzee huua stata mpya baada ya mpya. Mwanga ukijipindapinda ndani kama nyoka na tyubu ni mpya, iache iwake saa chache. Hayo alisema kwa haraka. Aliporudi kwenye kutazama ndipo alipokuwa akienda polepole.

Tuliweka stata nyingine, tukarudisha ile tyubu ya zamani, ikawaka vizuri kabisa. Mpya tukaiweka juu ya kabati. Usiku ule shangazi aliniambia, akiwa anakunja kanzu, “Ila baba, taa hii ikizimwa haizimiki sawasawa. Nikiamka usiku kwenda kutawadha naiona ina ukungu wa mwanga, unatembea ndani kidogo kidogo. Inaota ndoto.” Nilicheka. Nilikuwa nimeshajua stata inavyofanya kazi, na mtu aliyejua jambo moja jana hana masikio ya kutosha leo.

Miezi kama sita baadaye, kiangazi kimekolea na vumbi limejaa, taa ilianza tena. Safari hii ilipepesa: ncha zinaiva, inapiga radi moja, inazima, inaiva, inapiga, inazima. Nilikuwa nimejiandaa. Nilinunua stata. Haikusaidia. Nilishusha ile tyubu mpya kutoka juu ya kabati. Haikusaidia. Nilikwangua pini za holda kwa msasa. Usiku wa manane niliijaribu nikaona imewaka, nikalala nimefurahi kwamba msasa ndio dawa. Kesho yake jioni ikapepesa tena.

Nilipokwenda kwa babu nilimwaga orodha ya nilivyobadilisha, kwa fahari. Alisikiliza yote. Kisha akauliza, “Inakataa saa ngapi?”

Sikujua. Nilisema “usiku”.

“Usiku una saa kumi na mbili. Nani anakaa chini ya taa hiyo?”

“Shangazi.”

“Mwambie aandike.”

Shangazi akaandika kwenye daftari la vipimo, lile alilokuwa akiandikia wateja, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na mkono wake. Kwa hiyo katikati ya bega 18 na kiuno 34 kulikuwa na mistari kama hii: saa 1:20 imekataa. Saa 2 imekataa. Saa 3:15 imewaka baada ya kupepesa sana. Saa 10:40 alfajiri imewaka mara moja. Siku saba. Babu alipolisoma lile daftari, na alilisoma kwa heshima kama barua ya serikali, alifunga na kusema, “Taa yenu haina ugonjwa.”

Alikuja na mita yake saa 2 usiku, akapima kwenye soketi: volti 171. Akaniambia nimwamshe kwa adhana ya alfajiri. Akaja na msuli, akapima tena: 224. Umeme wetu unatakiwa kuwa 230. Kisha, na hapa sikuwa nimetarajia, alikwenda kupima kwa jirani wa kulia na jirani wa kushoto, saa ile ile ya usiku. Huko nako 174, 169. “Ungekuwa wetu peke yetu uko chini,” alinieleza, “ningetafuta kiungo kilichooza kwenye nyumba yetu, na hicho ni hatari kwa moto. Ukiwa chini kwa wote, ni laini.”

Alinifafanulia kwa jambo ambalo mtoto wa Tabora analielewa. Jina la Mtendeni linataja mtende, na mtende si mti wa Unyamwezi. Ni kumbukumbu ya watu waliokuja na misafara. Mji huu ulikua kwa kuwa mahali pa kufikia baada ya njia ndefu. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857 baada ya siku 134 tangu watoke pwani, na kila msafara uliopita njia ile ulilipa hongo kwa watawala wa njiani, hasa Ugogo. Zamani hongo lilikuwa neno la ushuru wa kupita, halikuwa na aibu liliyonayo leo. Vitambaa na shanga vilitoka pwani vingi, vikafika kwetu vimepunguzwa kila kituo. “Umeme nao unalipa hongo,” alisema babu. Unatoka kwenye transfoma umejaa, nyumba ya kwanza inachukua, ya pili inachukua, na waya wenyewe unachukua, tena unachukua zaidi kadiri watu wanavyovuta kwa wakati mmoja. Sisi tulikuwa nyumba za mwisho kwenye laini. Saa 1 usiku kila mtu anawasha balbu, anapiga pasi, friji zinanguruma. Alfajiri wamelala, hongo imepungua, mzigo unafika karibu mzima.

Na taa ya tyubu ni mpokeaji mwenye masharti. Balbu ya kawaida ukiipa volti 170 inafifia tu, inakuwa ya manjano. Tyubu haifanyi nusu. Volti zikipungua, mkondo unaopita kwenye choki unapungua, ncha haziivi vya kutosha, na stata ikiachia, teke linakuwa dogo halivuki. Inajaribu tena na tena, na kila jaribio linabandua kidogo ile dawa iliyopakwa kwenye nyuzi za ncha. Ndiyo maana tyubu za mtaa wetu zilikuwa zinakuwa nyeusi mapema, na ndiyo maana watu walikuwa wananunua tyubu kila mara wakilaumu maduka.

Dawa aliyotupa babu haikugharimu hata shilingi. “Washeni saa 12 na nusu, kabla jua halijazama, msiizime mpaka mnalala.” Taa iliyokwisha kushika haihitaji lile teke tena, inaweza kuvumilia umeme mdogo ambao usingeiamsha. Shangazi akawa anawasha taa jua likiwa bado kwenye ukuta, majirani wakimuuliza kwa nini anaharibu umeme mchana. Iliwaka. Ikafifia kidogo saa 2, ikashikilia. Mwaka uliofuata ilifungwa transfoma nyingine karibu na mtaa wetu na tatizo likaisha, lakini mazoea ya kuwasha mapema yalibaki pale nyumbani kwa miaka mingi.

Sehemu inayofuata naiandika kwa uzito.

Mwaka 1997 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na mtaa ulishaniita fundi. Holda moja ya taa ya shangazi ilipasuka, nikaenda kuibadilisha. Nilizima swichi ya ukutani. Sikuzima meni swichi. Nilipanda juu ya stuli ile ile, nikafungua kava, nikashika waya kwa vidole vya mkono wa kulia huku kiganja cha kushoto kimeshika chuma cha fitingi. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka mdomo umejaa ladha ya shaba, na shangazi anasoma Ayatul Kursiyyu kichwani kwangu. Mkono wa kushoto ulivunjika juu ya kiwiko. Ningeweza kufa, na ningekufa mbele ya mtu aliyenilea.

Babu alikuja hospitali, kisha akaja nyumbani. Hakunikaripia. Aligusisha testa yake kwenye waya wa fitingi, swichi ikiwa imezimwa, nayo ikang’aa. Aliyefunga umeme nyumba ile miaka ya nyuma alikuwa ameipitisha nyutro kwenye swichi na kuupeleka waya wa moto moja kwa moja kwenye taa. Ukizima, taa inazimika kwa sababu njia ya kurudi imekatwa, lakini moto umesimama pale pale juu, unangoja mkono. Na moto huo ukikaa kwenye tyubu usiku, kiasi kidogo sana hupenya kuelekea kwenye chuma na kuta zilizo karibu, gesi ikatoa mwanga hafifu ambao utauona gizani tu, macho yakishazoea.

“Hukuwahi kuona inawakawaka usiku ikiwa imezimwa?” babu aliniuliza.

Kabla sijajibu, shangazi alisema kutoka mlangoni, taratibu, “Mimi nilimwambia.”

Babu alinitazama kwa muda. “Yeye analala kwenye nyumba ya taa hii kila siku,” akasema. “Wewe umeijia na bisibisi mara tatu.” Hayo ndiyo maneno yake yote. Siku ya pili yake alizima meni swichi, akaniweka juu ya ngazi, mimi nikiwa na mkono mmoja kwenye plasta na tochi mkono mwingine, na akabadilisha waya mwenyewe kwenye swichi, akinieleza kila kiungo kama mtu anayesomesha alifu. Nilimwangazia. Niliona mikono yake ya mzee haitetemeki.

Nimefanya kazi ya umeme tangu hapo, Tabora na baadaye Dodoma, na nimewafundisha vijana kadhaa. Mambo matatu nawafanyisha kabla sijawapa bisibisi, na wengi hukereka. Wasimame mikono mgongoni. Waulize saa. Wamuulize anayeishi na kile kifaa ameona nini, na wasimkatize hata akitumia maneno ambayo hayamo kitabuni: taa inaota, friji inakohoa, pampu inasikitika. Katika hayo, hili la mwisho ndilo gumu zaidi kwao kulikubali, na ndilo ninalolisimamia bila kulegeza. Kijana aliyesoma hudhani mama wa nyumbani anaeleza vibaya. Anaeleza alichoona, kwa lugha aliyonayo, na mara nyingi amekitazama kwa miaka.

Jambo jingine ambalo babu hakunifundisha, kwa sababu wakati wake halikusemwa sana, ni zebaki. Utotoni tulipigana mapanga kwa tyubu zilizokufa, tukazipasua jalalani ili tusikie mlio, tukajipaka ule unga mweupe usoni. Kila tyubu ina miligramu chache za zebaki, na ikipasuka mvuke wake unavutwa na pua. Watu wa mkoa wetu wanaijua zebaki kwa upande mwingine: Nzega wachimbaji wadogo wanaitumia kunasa dhahabu, nayo ni zebaki ile ile. Mkataba wa kimataifa wa kuidhibiti umepewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako watu waliangamia kwa kula samaki wenye zebaki. Nchi za Afrika ndizo zilizopeleka pendekezo la kuachana na taa hizi. Lilijadiliwa Bali mwaka 2022, na Geneva, Novemba 2023, ikakubaliwa kwamba kutengeneza na kuuza tyubu hizi kati ya nchi na nchi kukomeshwe ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Nalifurahia, ingawa nilijifunza kazi yangu chini ya moja ya taa hizo. Mpaka zitakapoisha, ikivunjika moja nyumbani kwako, fungua madirisha, watoe watoto, ngoja robo saa, okota kwa karatasi ngumu na kitambaa kibichi, uweke kwenye chombo kinachofungika. Usifagie na ufagio mkavu.

Shangazi alifariki mwaka 2019. Nilikwenda Mtendeni kwenye arobaini. Fitingi ilikuwa ile ile, chuma kimepigwa rangi mpya, lakini ndani imewekwa tyubu ya LED, na penye stata kumepachikwa ile stata bandia inayokuja nayo kwenye boksi, ambayo haigusi wala haiachii chochote. Binamu yangu alinipa daftari. Alisema limekutwa kwenye droo ya cherehani, chini ya mikasi, na kwa kuwa lina mambo ya taa, ni langu.

Nilidhani nitakuta zile siku saba tu. Kumbe hakuacha kuandika. Katikati ya vipimo vya miaka mitatu, kwa penseli, kwa mwandiko wake wa kuinamia kulia: imewaka mara moja. Umeme mdogo leo. Imepepesa, mvua. Na mahali pengine, nimehesabu kurasa tano tofauti, zote za kabla sijaanguka: taa inaota. Inaota tena. Inaota, nimwambie babu yake.

Baada ya hapo kuna ukurasa mweupe, wa siku nilizolazwa. Kisha unaanza upya na mteja wa kwanza wa wiki iliyofuata: kanzu, bega 18, urefu 56, mkono 24. Chini yake ameandika: Taa imelala. Mkono wa mtoto bado.